Ngumi ya Bi Kimya

Mwalimu alikibandua ukutani kile kibao cha "Kiingereza Tu", akakilaza kifudifudi mezani.

"Leo elezaneni kwanza kwa lugha za kwenu," aliwaambia wanafunzi wake, watoto waliohamia kutoka nchi mbalimbali. "Kiingereza kitafuata."

Somo lilikuwa moyo. Darasa lililozoea kutulia kama maji mtungini likalipuka kwa maneno.

Akasimama msichana waliyembandika jina la Bi Kimya. Tangu aletwe, hakuna aliyewahi kusikia sauti yake, na mwalimu mkuu alishaamua kumrudisha darasa la kwanza. Aliwageukia wawili wa lugha yake, akaanza kuwaeleza, akakunja ngumi na kuiweka kifuani. Akaifumba, akaifumbua. Kidole cha mkono wa pili kikawa kinafuata njia ya damu: inaingia huku, inapita mapafuni, inarudi, inatoka kwa kasi.

Mwalimu hakuambulia hata neno moja, ila alielewa kila kitu.

Ngumi moja ikawa tatu, mara darasa zima, kila mtoto na yake kifuani, zote zikipiga pamoja.

"Mwalimu! Kibao kiko wapi?"

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Darasa likanywea.

Bi Kimya akamwendea mkuu, akamwinulia ngumi. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Huu ni moyo. Nikuoneshe unavyofanya kazi?"

Mkuu aliitazama ngumi ile ndogo. Kisha, polepole, akakunja ya kwake.