Stuli ya Jikoni

Kila Jumapili baada ya ibada, Delbert, askari wa kaunti, alikula kwa dada yake, na kila Jumapili aliutundika mkanda wa bastola kwenye msumari wa mlangoni. Mtutu wa bastola hiyo ulikuwa wa inchi sita. Ukikaa nayo kiunoni kwenye viti vya mikono vya meza ile, mtutu unagota mbao, bastola inapanda hadi mbavuni, na huwezi kuichomoa mpaka usimame.

"Tundika hilo bomba, shemeji," alisema mume wa dada yake, aliyekwisha kukaa mezani. "Au umekuja kukamata viazi?"

Delbert alicheka, akashika bizimu la mkanda.

Dada yake alitoka jikoni na sinia la nyama. Katika joto lile la Agosti la Texas, alikuwa amejifunga skafu shingoni.

Mahali pa Delbert hapakuwa na kiti. Palikuwa na stuli ya jikoni, isiyo na mgongo wala mikono.

"Kiti chako kimevunjika mguu, kaka," alisema dada yake kabla hajaulizwa.

Kiti kile Delbert alikuwa amekipita barazani sasa hivi. Kilisimama kwa miguu yake yote minne.

"Vua basi, nyama inapoa," alisema shemeji. Hakuwa akicheka tena.

Delbert aliliachia bizimu.

"Leo niko zamu," alisema, akakaa. Mtutu ulining'inia kando ya stuli bila kugusa kitu.

Dada yake aliweka sinia mezani, akaanza kuifungua skafu.