Ndege ya Kuchungulia

Tangu nchi ile ifunge mipaka, mgeni haingii, na aliyekwenda kufanya kazi hatoki. Mashirika ya ndege za bei nafuu hayakufa. Yaligundua kwamba mama atalipa nauli hata ya kumwona mwanawe akiwa mdogo kama sisimizi. Ndege huondoka Mombasa, huruka chini na kuuzunguka mara mbili mji wanakoishi wafanyakazi hao, kisha hurudi bila kutua.

Bi Mwanahawa alikaa dirishani. Salehe, mwanawe, hakuwa amepiga simu tangu Ramadhani, lakini kila mwezi alitandaza shuka la njano juu ya paa, kama walivyoagana. Shuka hilo tu ndilo lililomwambia kwamba yu hai.

"Lile pale, karibu na tangi la maji," alisema. "Mwanangu huyo."

Mzee Kilonzo, wa kiti cha pili, aliinama akatazama.

"Mama, lile ni la binti yangu. Nilimtilia shuka hilo mimi mwenyewe kwenye sanduku lake."

"Vaa miwani, mzee wangu."

"Nimevaa."

Mwanamke wa kiti cha nyuma akainuka. "Mnabishania shuka la mume wangu?"

Ndege ilipozunguka mara ya pili, wanaume wawili walikuwa juu ya paa lile wakilikunja shuka. Walivaa sare za rangi ya machungwa, kama zile za wahudumu wa ndege hiyo.

Mhudumu alifika na mashine yake ya tiketi. "Mwezi ujao, mama? Kiti kilekile?"

Bi Mwanahawa aliitazama sare ya mhudumu, ya rangi ileile ya machungwa.

"Kilekile," alisema.