Hadi Kwenye Kabati la Viatu

Baba alianguka kwa mara ya mia tatu na kumi na mbili, na bado hakufika kwenye kabati la viatu.

Binti yake alisogeza kikombe cha chai pembeni, akamrudisha juu ya ngazi, akamwangusha tena.

Baba mwenyewe alikuwa chumba cha pili, mguu kwenye plasta, akisikiliza redio. Aliyekuwa akianguka kwenye kompyuta ni mwanasesere wa viungo kumi na tano, mwenye kilo za baba sabini na moja na malapa yake. Kazi ya binti ilikuwa hiyo hiyo, kuangusha. Kiwandani kwao hakuna roboti aliyeruhusiwa kukanyaga ngazi ya kweli kabla hajaanguka mara elfu kwenye kompyuta. Programu aliyoitumia ilikuwa imeandikwa na watu wa nchi nyingi wasiojuana, wakaiacha wazi, yeyote aichukue bure, aisome ndani na kuirekebisha. Wengine waliitumia kupindua magari kwenye michezo ya watoto. Yeye aliipenda kwa sababu haina mjomba wala shangazi. Ukiipa uzito, mwinuko na utelezi, inakuonyesha kitu kitatua wapi, upende usipende.

Na Jumamosi hiyo, saa nane mchana, kaka yake mkubwa alikuwa anakuja kumfukuza Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa amewapikia na kuwafulia kwa miaka kumi na mmoja. Siku baba alipoanguka, yeye ndiye pekee aliyekuwa ndani, jikoni. Kaka alisema ameacha maji kwenye ngazi. Mama Pacha alisema hapana. Baba, alipoulizwa, alisema, "Mwacheni huyo mama."

"Basi ilikuwaje, Baba?"

"Nilianguka."

Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini, mtu wa maneno machache na fimbo nyingi. Watu wazima waliosoma kwake bado hushuka ngazi kwa mstari, mmoja mmoja, bila kucheka.

Asubuhi ile binti alipima ngazi zote kumi na nne. Mama Pacha alimfuata nyuma, kitambaa mkononi, macho mekundu.

"Pima, mwanangu. Pima zote. Mimi ngazi nafuta kwa kitambaa kikavu. Na huo ukingo wa mbao wa kushikilia wala sijawahi kuugusa, unang'aa wenyewe."

"Ulisikia nini siku ile?"

"Kishindo. Kimoja tu, puu! Natoka, namkuta amekaa pale kwenye kabati la viatu, lapa moja liko juu ya kabati. Namwambia pole mzee, ananiambia, 'Nipe hilo lapa.'" Alijifuta pua. "Na suruali zake nani atamshonea nikiondoka? Kila mwezi natia kiraka makalioni. Mtu kastaafu, sijui anakaa wapi hivyo."

Kutoka ngazi ya mwisho hadi kabatini zilikuwa mita mbili na nusu.

Kabla ya kuwasha kompyuta, binti alifumba macho. *Mungu wangu, nionyeshe ukweli, hata kama sitaupenda.*

Sasa alikuwa haupendi. Mwanasesere aliyeteleza kwenye maji aligonga ngazi moja baada ya nyingine kwa mgongo, akaishia chini pale pale kama gunia.

Kaka aliingia nusu saa kabla ya wakati, akasimama nyuma ya kiti.

"Nyumba ina msiba, wewe unacheza gemu?"

"Hakuna aliyekufa. Nampima Baba."

"Enhe. Amesemaje?"

Binti hakuzoea kudanganya, hasa muda mfupi baada ya kuomba. "Kwa maji, hafiki kabatini."

"Na akisukumwa?"

Alijaribu. Mwanasesere aliruka, akatua hatua moja kutoka kabatini, kichwa kikitangulia.

"Unaona!"

"Lakini kichwa cha Baba hakina hata mkwaruzo. Kilichovunjika ni kifundo cha mguu."

"Mashine ni yako, na imeshasema. Nilidhani ni uzembe, kumbe ni unyama." Akageukia jikoni. "Mama Pacha! Fungasha vitu vyako. Shukuru hatuiti polisi."

Jikoni, mwiko uliacha kugonga sufuria. Chumba cha pili, redio ilizimwa.

Binti hakuinuka. Kazini walikuwa na sheria kwamba jibu likikataa, usigombane nalo, tafuta ulichokidhania bila kukipima. Alikuwa amebadilisha maji, malapa, upande wa kuangukia na nguvu ya kusukuma. Kitu kimoja hakuwahi kukibadilisha tangu asubuhi.

Akamnyanyua mwanasesere, akamweka upya, akabonyeza.

Mwanasesere hakugusa ngazi hata moja. Alitoka kwa kasi, akatua kwa miguu, kifundo kikapinda, akakaa kitako kwenye kabati la viatu. Lapa lilibaki hewani kidogo, kisha likatua juu ya kabati.

Kaka aliinama hadi pua ikakaribia kioo. "Rudisha. Rudisha mwanzo, polepole."

Mlangoni palisikika magongo. Baba alikuwa amesimama hapo, Mama Pacha nyuma yake na begi kifuani. Binti alirudisha mwanzo.

Juu kabisa, mwanasesere alikuwa ameupanda ukingo wa mbao kama mtu aliyepanda farasi, akiushika kwa mikono miwili.

Mwalimu mkuu alimtazama binti yake, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekaribia kupata jibu.

"Mikono umekosea," akasema. "Mimi huwa naiinua juu."