Jagi Lenye Mistari

Kwanza niliona ndala za mama hazimwingii tena. Miguu ilikuwa imevimba.

Hospitalini alikolazwa, nesi alinipa jagi lenye mistari ya vipimo, nipime mkojo wa mama kila siku, ajue kama figo zinafanya kazi. Mkojo ulizidi kupungua.

"Ongeza maji, Edda," mama alininong'oneza. "Waniruhusu nikavune maharage yangu shambani Nakwa."

Asubuhi nesi aliinua jagi dirishani, akatabasamu.

"Mama Edda, figo zinaamka! Edda, umepima mwenyewe?"

Mama alikuwa ananitazama. Nilimshika mkono, vidole vyangu vikaacha mashimo kwenye ngozi yake. Nikaitikia kwa kichwa.

Maharage yale tuliyapika msibani kwake.

Dada nesi, mkojo haukufika mstari wa kwanza. Yaliyobaki yalikuwa maji, niliyamimina mimi.