Nafasi Kati ya Koma

Siwatu, fundi wa kushona suruali, alibonyeza kitufe akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Programu yake ya kwanza ilisoma faili la vipimo vya wateja, ikakata kila mstari penye koma, ikaandika:

Jina: Kombo
Kiuno: 34
Urefu:
Simu: 0700 118 264

"Mbona urefu haupo? Nimekosea wapi?"

Nasra, mpwa wake aliyekuwa akimfundisha, alifungua faili. "Hujakosea, shangazi. Hapa koma mbili zimefuatana, hukuandika kitu katikati. Programu imeiacha nafasi ilivyo."

Siwatu akakumbuka. Kombo, kaka yake, alitoka kwa hasira katikati ya kupimwa, kabla tepu haijashuka mguuni. Suruali yake bado ilining'inia nyuma ya mlango, miguu haijapindwa.

"Niufute mstari wa baba?" Nasra aliuliza taratibu.

"Uache." Siwatu aliitazama ile nafasi. "Sijui hata kama namba yake ya simu ni hii bado."

"Ni hiyo hiyo, shangazi."

Siwatu aliishusha suruali, akaitandaza mezani, akavaa tepu shingoni. Kisha akachukua simu. Upande wa pili ikaanza kuita.