Boksi la Kiyoyozi

Kwenye kitengo chetu cha dharura, vibao vya kufungia mifupa viliisha tangu Ramadhani. Basi nesi Mabruka akachana boksi la kiyoyozi kipya cha mkurugenzi wa hospitali, akaufunga nalo mguu uliovunjika wa bibi aliyeanguka akichuma zeituni.

Karani wa mkurugenzi akaingia, kaziba pua.

"Boksi liko wapi? Kiyoyozi kimegoma kuzimika, na karatasi ya waranti imebandikwa hapo."

Karatasi ilionekana chini ya goti la bibi, imelowa damu.

"Si unaikata tu, dada? Bosi anatetemeka kwa baridi huko juu."

Mabruka akachukua mkasi. Akamwekea karani mkononi.

"Kata wewe."

Bibi akamsogezea mguu, mfupa ukalia.

"Kata, baba. Bosi wako asije akapata mafua."