Ufunguo wa Mama Mkwe

Zamda alikuwa anakaanga vitunguu aliposikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Mumewe, Shomari, yuko sebuleni anatazama mpira. Basi ni mama mkwe, aliyeuza shamba lake ili wao wapate nyumba hii katikati ya mji. Hapigi hodi. Tangu wahamie hajawahi kupiga.

Mama mkwe akatua kapu, akavuta kiti, akapanda na kuanza kulitungua pazia jipya la bluu.

"Linatia giza, mwanangu. Nimewaletea langu."

"Lakini mama, hilo mimi nimelipenda."

"Mwache mama," Shomari alisema bila kugeuka. "Bila yeye tungekuwa wapi?"

Zamda alizima jiko, akatoka kwenda kumwaga taka, akakawia huko nje apate kupumua. Aliporudi, upepo ulikuwa umeufunga mlango. Akafungua pindo la kanga, akautoa ufunguo wake. Mkono ukagoma. Akajikuta anagonga.

"Hodi!"

"Karibu!" mama mkwe aliitikia kutoka ndani. "Nani?"

Zamda akautazama ufunguo wa nyumba yake kiganjani.